Ng'ombe Kumi na Mmoja wa Mama Ndahani

Wajukuu zangu wa hapa Nzuguni, na ninyi wenzao mnaokuja kwa binti yangu kuchaji simu, mmenichosha. Kila nikitaja josho mnacheka, mnadhani ni bafu. Haya, kaeni chini. Shikamoo zenu nimezipokea zote kwa mkupuo mmoja, msirudie. Leo nitawaeleza kazi niliyoifanya miaka mingi kule upande wa Gulwe, na jinsi kazi hiyo ilivyonifikisha kwa Mungu kwa kupitia mlango wa nyuma, tena nikiwa nimechafuka.

Josho ni handaki refu la saruji lililojazwa maji yenye dawa ya kuua kupe. Ng'ombe anaruka upande mmoja, anazama mpaka masikio, anaogelea kidogo, anapanda ngazi upande wa pili, kisha anasimama kwenye sakafu achuruzike ili dawa irudi ilikotoka. Kazi yangu ilikuwa kupima dawa, kuichanganya, na kusimama ukingoni na mti mrefu wenye panda nikimzamisha kichwa yule anayejidai kuinua shingo. Kupe wanapenda masikio. Ukiacha masikio, umemwogesha bure.

Aliyenifundisha ni Mzee Sudayi, mtu mfupi, mkali, aliyekuwa joshoni tangu mimi sijaota ndevu. Alikuwa na fimbo ya kupimia kina, yenye alama alizozichonga mwenyewe, na aliilinda kuliko alivyomlinda mkewe. Mkewe alilisema hilo mbele za watu. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba dawa ikikaa wiki nzima inatuama chini kama machicha, kwa hiyo ng'ombe kumi wa kwanza ndio mwiko wa kukorogea. Wakishapita unawarudisha waoge upya, maana mara ya kwanza wameoga maji matupu. Wenye ng'ombe hao walikuwa wakinuna kila wiki, wakidhani tunawaonea.

Wiki yangu ya kwanza nilikwenda kazini na shati jeupe nililofungia ndoa, nionekane mtumishi wa serikali. Nikasimama karibu na mlango wa kurukia. Likaja dume moja, likaruka lote kwa pamoja kama gunia la chumvi lililoangushwa kutoka kwenye behewa, na dawa yote ikanipata mimi. Mke wangu Esta alinizuia mlangoni mpaka nilipooga mara tatu. Shati lile likawa la kufutia pampu.

Mzee Sudayi alikuwa na sheria nyingi, lakini moja aliirudia mpaka nikawa namwigiza nyuma ya mgongo wake. Ng'ombe mwenye kiu haingii joshoni. Anyweshwe kwanza, apumzike kivulini, ndipo aoge. Ng'ombe aliyetembea na jua akiona maji hajui haya ni ya dawa. Akizama atafungua mdomo anywe. Mzee alisema kwa kosa jingine lolote atanitukana, ila kwa hilo atanifukuza. Alistaafu kabla hajapata sababu ya kunifukuza, na mimi nikabaki mkubwa wa josho. Watu wakaniita Bwana Josho. Jina hilo lilinivimbisha kichwa, siwafichi.

Kisha ikaja ile miaka ya soko huria. Ninyi mmezaliwa mnakuta kila kitu kinauzwa, hamwezi kujua tulivyoshangaa. Dawa ya josho iliyokuwa ikiletwa bure na lori la serikali ikaanza kuuzwa dukani. Tulikuwa wafanyakazi watatu, wawili wakapunguzwa, nikabaki peke yangu. Injini ya kuvuta maji ikakosa dizeli, halafu ikakosa vipuri, halafu ikakosa hata mtu wa kuiulizia. Mbauti, lile birika refu la saruji walilokuwa wakinyweshea ng'ombe kabla ya kuogesha, likakauka mpaka mijusi wakahamia humo. Mfugaji akitaka kunywesha ilibidi apeleke ng'ombe mtoni, achimbe mchangani, asubiri maji yajichuje. Hiyo ni kazi ya nusu siku.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nafika pale nilipopakimbia kwa muda mrefu.

Mama Ndahani alikuwa mjane wa makamo kutoka kitongoji cha mbali. Mumewe alimwachia ng'ombe ishirini. Shemeji zake, wakiongozwa na Mlewa, ndugu mkubwa wa marehemu, walimtaka akubali kurithiwa kama desturi ilivyokuwa, na ng'ombe warudi kwenye zizi la ukoo. Mama yule alikuwa ameokoka. Alikuwa akikutana na Esta wangu kwenye ushirika wa akina mama. Aliwaambia shemeji zake kwa heshima zote kwamba hatarithiwa, na ng'ombe atawachunga mwenyewe. Na kweli aliwachunga, na fimbo begani, kitenge kimefungwa kiunoni. Wanaume walikuwa wakingoja akosee.

Ulikuwa mwaka wa njaa. Uwele ulinyauka ukiwa bado mdogo. Siku hiyo ya josho dawa ilikuwa imepatikana baada ya miezi miwili, na watu walikuja wengi kutoka kila upande. Nikajiona nina foleni kama stesheni. Mama Ndahani alifika jua limeshakuwa kali. Ng'ombe wake walikuwa wamenyong'onyea, ndimi nje. Akanijia pale ukingoni, akaniambia ng'ombe hawajanywa tangu jana, akaniuliza kama awapeleke mtoni kwanza.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na haraka nimalize, dawa ile isije ikapoteza nguvu na watu wakanilaumu. Na nikiwaeleza ukweli wote, niliudhika kuulizwa na mwanamke mbele ya wanaume. Nikamwambia akienda mtoni amepoteza zamu. Aingize.

Akaingiza. Niliwaona kwa macho yangu wakinywa. Niliwasukuma vichwa na ule mti wa panda, nikizidi kuwanywesha. Kabla ya adhuhuri wa kwanza alianza kutokwa na mate, akatetemeka miguu, akalala. Kisha wa pili. Dawa ya kuwatibu ilikuwa Mpwapwa, na hapakuwa na gari. Mpaka jua linaelekea kushuka walikuwa wamelala kumi na mmoja.

Lililofuata ni zito kuliko vifo vyenyewe. Nyama ya namna ile hailiwi, inaua. Ikabidi tuchimbe shimo. Watu wenye njaa walisimama kulizunguka na visu na mabakuli, wakitazama ng'ombe kumi na mmoja wakitupwa. Mzee mmoja aliniomba kipande cha mguu tu, akasema sumu haifiki miguuni. Nikakataa. Nikamwaga mafuta ya taa juu ya mizoga ili wasije wakafukua. Mama Ndahani alikaa chini mbali kidogo.

Siku chache baadaye akaja bwana mifugo kutoka wilayani kuuliza imekuwaje. Tulikaa ofisini kwa mwenyekiti wa kijiji, Mlewa na nduguze wakiwapo. Akaniuliza kama nilimwambia yule mama anyweshe ng'ombe kwanza.

Nikasema nilimwambia, na yeye akakaidi.

Wajukuu zangu, uongo ule haukunichukua hata pumzi moja. Mama Ndahani alikuwa amesimama mlangoni. Alinitazama, kisha akatazama chini. Mlewa akapata alichokuwa anakingoja. Akasema si mmeona, mwanamke hawezi ng'ombe. Wale tisa waliobaki wakaswagwa jioni ileile kwenda zizini kwa ukoo, na hakuna aliyewatetea. Mjane akabaki na jembe.

Mimi nilipona. Lakini msidhani uongo ukikuponya unakaa kimya. Nilianza kukwepa njia anayopita. Esta alinisimulia nyumbani jinsi mwenzake anavyoteseka, anavyolima vibarua kwa watu ili watoto wapate ugali, nami naitikia huku natafuna. Esta hakujua. Alikuwa akimwombea Mama Ndahani kwa sauti, mezani, mbele yangu. Mimi wakati huo nilikuwa Mkristo wa sikukuu. Nilibatizwa nikiwa mchanga, nilifungia ndoa kanisani, na baada ya hapo mambo ya Mungu nilimwachia mke wangu kama nilivyomwachia mambo ya chumvi.

Mwaka ule haujaisha, nami nikapunguzwa kazi. Niliitwa, nikapewa barua, nikapewa mkono. Josho likafungwa. Nikaanza kukata kuni na kuwauzia abiria wa treni. Mvua zilipokuja, Esta akashikwa na homa. Nilimfunga nyuma ya baiskeli kwa kanga, nikamsukuma kuelekea hospitali ya Mpwapwa, barabara ni tope tupu. Tulifika. Walimpokea vizuri, walijitahidi. Siku ya tatu akafariki, akaniachia watoto watatu, na mdogo ndiye huyu mama yenu mnayemwona hapo anapika.

Nilimkasirikia Mungu, nawaambia wazi. Nilisema kama hii ndiyo adhabu ya ng'ombe, basi angenichukua mimi. Esta alikosa nini? Mpaka leo sijapata jibu la swali hilo, na mchungaji yeyote akiwapa jibu la haraka la swali kama hilo, mpeni shikamoo mwondoke.

Msibani alikuja Mama Ndahani. Kwetu huko msiba ni maji. Watu mia wanakunywa, wanapikiwa, wananawa, na maji yako mbali. Alikuja na ndoo kichwani, akamimina kwenye pipa, akarudi mtoni. Siku nzima. Kesho yake vilevile. Mimi nimekaa kwenye mkeka na wanaume, kila akipita nahisi napigwa. Siku ya kuanua matanga nilishindwa. Nikamfuata nyuma ya nyumba, kwenye pipa.

Nikamwambia, "Mama Ndahani, siku ile uliniuliza uende mtoni."

"Nilikuuliza."

"Nami nikakwambia uingize."

"Ndivyo ulivyoniambia."

"Sasa kwa nini unanichotea maji?"

Akatua ndoo. Akasema, "Sikuchotei wewe, nauchotea msiba wa Esta. Wewe nilikuchukia mpaka chakula kikawa hakipiti. Nikaona nitatangulia kufa mimi, wewe unenepe. Nikakukabidhi kwa Mungu, sasa ni shauri lenu wawili."

Nikaanza kumwomba msamaha, maneno yamechanganyikana na kamasi. Akainua mkono kunizuia.

"Hayo usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilikuwapo. Kawaambie wasiokuwapo."

Akamimina maji kwenye pipa, akajitwika ndoo tupu akaenda zake.

Mngedhani nilikwenda kesho yake. Thubutu! Ilipita miezi. Kwanza nilijiambia nimefiwa, sina nguvu. Kisha ikatokea jambo jingine. Wafugaji waliona ng'ombe wanakufa kwa kupe, wakaunda kamati yao ya kufufua josho, na wakaniita mimi. Nani mwingine aliyejua kupima? Nilikuwa na watoto watatu wanaolala na uji wa chumvi. Nikisema ukweli, kazi ile inakwenda, tena wanaweza kunipiga. Nikinyamaza, tunakula. Mizani hiyo niliibeba nikilala nayo, nikiamka nayo. Nilianza kwenda kanisani, nakaa benchi la nyuma karibu na mlango, nikitumaini labda Mungu atakubali biashara: nihudhurie, naye asinidai lile jambo. Hakukubali. Kila wimbo ulipoimbwa, mimi nilisikia tu, "kawaambie wasiokuwapo."

Josho lililokaa bila kazi hujaa tope na samadi chini, limeganda. Kabla ya kulijaza upya lazima mtu ashuke ndani akwangue. Nilishuka peke yangu, asubuhi moja, na jembe na karai. Kule chini hakuna pa kuinamia vizuri, kwa hiyo ukifika kwenye kona unapiga magoti. Nilipiga magoti kwa sababu ya tope, si kwa sababu ya ibada. Nikakwangua. Nikafika pale katikati, mahali nilipowasukuma vichwa wale ng'ombe. Nikaweka jembe chini.

Nilisema, Bwana Yesu, mimi ni mwongo. Basi. Sikuwa na maombi marefu, sikujua kuyapanga. Niliua ng'ombe kwa kiburi, nikamnyang'anya mjane wale waliobaki kwa ulimi wangu, na mke wangu amekufa hajui alikuwa akila na mtu wa namna gani. Nikalia humo shimoni kama mtoto. Nikasema nichukue hivi nilivyo, sina kingine cha kukuletea, na kama nitakufa njaa nitakufa nikiwa mkweli. Sijui nilikaa muda gani. Ninachojua ni kwamba nilipoinuka kuendelea kukwangua, hofu ya watu ilikuwa ndogo kuliko hofu ya kuishi tena siku moja zaidi na uongo ule. Nilikuwa na amani ndogo, ya kiasi cha kunifikisha kwa mwenyekiti. Niliichukua hiyohiyo, nikaenda kumwomba nafasi ya kusema na watu siku ya josho.

Siku ya josho ya kwanza wafugaji walijaa, ng'ombe wanalia, vumbi limetanda. Mlewa na nduguze walikuwapo, na wale ng'ombe tisa wamo kati ya ng'ombe wao. Mama Ndahani hakuwa na sababu ya kuja, lakini nilimtumia ujumbe, akaja, akasimama nyuma. Nikapanda juu ya ukuta wa mbauti. Nikawaamkia watu kwa Kigogo, mbukwenyi, wakaitikia wakidhani nawasomea masharti ya dawa.

Nikawaambia yote. Kwamba aliniuliza, na nikamkatalia. Kwamba niliwaona wakinywa. Kwamba mbele ya bwana mifugo nilisema uongo, na kwa uongo huo ng'ombe wake wakachukuliwa. Nikasema, "Mama huyu hakukaidi. Mkaidi nilikuwa mimi."

Kisha kelele zikaanza. Mlewa akanijia na fimbo, akiuliza nimelipwa nini na mwanamke huyu. Wazee wakamshika. Mmoja akasema nifungwe. Mwingine akasema kila aliyeshinda na njaa siku ile akitazama nyama ikizikwa ana haki ya kunichapa kiboko kimoja. Nilikubali. Sikuwa nimepanda pale ili nijitetee.

Kesi ya ng'ombe wale tisa ilikaliwa na wazee vikao vitatu, na Mlewa alipigana nayo kama mtu anayezama. Mwishowe Mama Ndahani alirudishiwa watano. Wanne, akina Mlewa walidai wameshauzwa. Sikupenda hukumu ile na mpaka leo siipendi, lakini alirudi nyumbani akiswaga ng'ombe wake mwenyewe mchana kweupe, na watu wakimtazama.

Likabaki langu. Kamati ilikaa kutafuta mtu mwingine wa josho. Mwenyekiti alisema wazi kwamba mimi nimeshukuriwa kwa ukweli, lakini mtu aliyeua ng'ombe kumi na mmoja hawezi kukabidhiwa dawa tena. Kila mtu akaona ni sawa. Hata mimi niliona ni sawa. Nilikuwa nimeshachukua kofia yangu.

Mama Ndahani akaomba nafasi. Wanawake hawakuwa wakisema sana kwenye mikutano ya ng'ombe, lakini sasa alikuwa mfugaji, hawakuweza kumnyima. Akasimama.

"Mimi nataka huyu huyu," akasema. "Huyu amekwisha kujifunza, na amejifunza kwa ng'ombe wangu. Mkileta mwingine, naye atataka ng'ombe wa kujifunzia. Nani kati yenu atatoa wake?"

Mwenyekiti alikohoa. Mzee mmoja akaanza kucheka chinichini, na wengine wakafuata, na mimi nikakaa chini palepale mavumbini na kofia mkononi. Niliwahi kusikia mahubiri mengi juu ya neema, nikiwa benchi la nyuma. Siku ile niliiona imesimama na kitenge kiunoni, ikinidai kazi.

Nilifanya kazi kwenye josho lile mpaka dawa za kunyunyizia kwa pampu ya mgongoni zilipoingia na watu wakaacha kuja. Wiki iliyofuata baada ya mkutano, wa kwanza kufika alikuwa yeye na ng'ombe wake watano. Nikamuuliza kama wamekunywa. Akasema wamekunywa mtoni tangu alfajiri. Nilimwamini, lakini nilipita kwa kila mmoja nikamshika ubavu wa kushoto, nikasikiliza tumbo, nikatazama pua. Watu nyuma yake wakaanza kulalamika kwamba nachelewesha foleni. Mama Ndahani aligeuka akawaambia wanyamaze, Bwana Josho yuko kazini.